Uchambuzi wa kisa: njaa ya binti wa kilo 86

Kwetu mtoto mnene husifiwa. "Ana afya," watu husema, wakimaanisha mashavu na mapaja, na mama ambaye mstari wa kadi ya kliniki unapanda vizuri hupongezwa. Mtoto huyohuyo akifika miaka 8 bado anadai chakula kutwa, sifa hugeuka. Sasa ni mroho, na mama ndiye aliyemdekeza. Nimechagua kisa hiki kwa sababu ya neno hilo, uroho. Nataka tuone kilichokuwa kikitokea kichwani mwa mtoto mmoja ambaye angeitwa hivyo popote pale, na jinsi homoni moja ya peptidi, yaani mnyororo wa asidi amino, ilivyobadilisha mazungumzo ya nyuroni zake, seli za neva za ubongo.

Usuli

Kisa kilichapishwa kwa awamu katika majarida ya kitabibu kuanzia 1997, nami nakisimulia upya kwa wanaojifunza utabibu, uuguzi na fiziolojia. Mgonjwa hakutajwa jina hata kwenye taarifa za awali. Hapa nimeacha pia asili ya familia na mji wao. Alikuwa Uingereza, na waliomchunguza ni timu ya Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi ya Cambridge.

Binti alizaliwa na uzito wa kawaida. Baada ya miezi michache tu alianza kunenepa kwa kasi isiyo ya kawaida, wala hakusimama. Alipofika miaka 8 alikuwa na kilo 86, wakati mtoto wa umri wake huwa na kilo 25 hivi. Zaidi ya nusu ya uzito huo ilikuwa mafuta. Wazazi na ndugu zake hawakuwa na unene wa namna hiyo, ila binamu yake wa kiume, mwenye miaka 2, alikuwa tayari na kilo 29. Wazazi wa watoto hawa walikuwa wameoana wakiwa na undugu wa damu, jambo lisilo geni kwa msomaji wa pwani ya kwetu.

Kuhusu ulaji, maelezo ya nyumbani yalikuwa wazi: mtoto hakuwa akishiba. Alikula kuliko ndugu zake, akimaliza anaomba tena, akinyimwa anakasirika. Miguu ililemewa hata ikahitaji upasuaji, na mafuta ya miguuni yalinyonywa ili aweze kutembea. Kutembea kuliendelea kuwa taabu.

Nawaomba wanafunzi wasome aya hiyo ya mwisho mara mbili. Mtoto alifika meza ya upasuaji kabla mtu yeyote hajajua kwa nini ana njaa.

Swali lilivyogeuka

Ili kuelewa hatua iliyofuata inabidi tutoke wodini kidogo, twende kwa panya. Katika maabara ya Jackson, Bar Harbor, Marekani, kulikuwa na aina mbili za panya wanene kupindukia, moja ikiitwa ob na nyingine db. Douglas Coleman aliwaunganisha panya kwa upasuaji wawiliwawili ili damu ya mmoja ifike kwa mwenzake. Panya ob akiunganishwa na panya wa kawaida, alipunguza kula na kukonda. Panya db akiunganishwa na wa kawaida, yeye alibaki vilevile, lakini yule wa kawaida aliacha kula mpaka akafa kwa njaa. Coleman aliona maana yake: katika damu kuna ujumbe wa shibe. Panya ob hana ujumbe huo. Panya db anao tele, ila hana sikio la kuusikia.

Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, liliipata jeni iliyoharibika kwa panya ob. Homoni inayotengenezwa na jeni hiyo iliitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Ni peptidi ya asidi amino 146, nayo hutoka kwenye seli za mafuta zenyewe. Mafuta yakiwa mengi hutoka kwa wingi. Mtu akifunga au akipatwa na njaa kwa siku chache, hupungua haraka.

Watafiti walipoanza kuipima kwa binadamu wanene waliikuta juu, si chini. Wengi walikata tamaa papo hapo na kusema panya ob hana mwenzake kati ya watu. Kumpima leptini binti huyu kulikuwa kama kurusha jiwe gizani, ingawa kulikuwa na sababu: unene ulioanza mapema mno, njaa isiyokatika, na binamu mwenye hali ileile katika familia ya ndoa za ndugu.

Jibu lilirudi likiwa karibu na sifuri. Mtoto mwenye makumi ya kilo za mafuta alikuwa na leptini kidogo kuliko mtoto mwembamba. Jeni iliposomwa, ilikosekana herufi moja, guanini, kwenye kodoni ya 133, katika nakala zote mbili. Herufi za jeni husomwa tatutatu, na kila tatu huitwa kodoni. Chukua sentensi "una uji ule", uondoe n moja tu, kisha usome tatutatu: "uau jiu le". Ndivyo protini ilivyovurugika kuanzia hapo, ikakatika mapema, na seli zikashindwa kuitoa nje. Binamu wa miaka 2 alikuwa na kasoro hiyohiyo. Taarifa ilichapishwa 1997, na ilikuwa mara ya kwanza kwa upungufu wa kurithi wa leptini kuonyeshwa kwa binadamu.

Uamuzi wa kutibu, na hofu zake

Njia zilizokuwepo zilikuwa tatu: kuendelea kumbana chakula, kuendelea na upasuaji, au kumpa homoni aliyoikosa. Ya kwanza ilikwishashindwa nyumbani, na ya pili haikugusa chanzo. Hoja ya njia ya tatu ilifanana na ile ya insulini kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza: hapa mwili haukuwa sugu kwa homoni, uliikosa. Vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoishika homoni, vilikuwa vizima, vikisubiri kitu ambacho hakijawahi kufika.

Hofu zilikuwepo. Mwili ambao haujawahi kuonana na leptini kamili unaweza kuiona kama mgeni na kuitengenezea kingamwili. Leptini pia inahusika na balehe, hivyo kulikuwa na swali kama kumchoma mtoto mdogo kungemvunjisha ungo kabla ya wakati. Na hakukuwa na mtoto mwingine aliyekwisha kutibiwa ambaye wangejifunza kwake.

Alipoanza dawa alikuwa na miaka 9 na uzito umepanda hadi kilo 94.4. Alichomwa leptini iliyotengenezwa maabara, sindano moja chini ya ngozi kila asubuhi, miligramu 0.028 kwa kila kilo ya mwili bila kuhesabu mafuta. Walichokipima kinastahili sifa kuliko dozi yenyewe. Hawakutosheka na mizani. Walimwekea mlo wa majaribio, chakula kingi kuliko anavyoweza kumaliza, wakahesabu alichokula. Walipima mafuta na misuli kila kimoja peke yake. Walipima nishati anayotumia mwili. Bila vipimo hivyo tungejua kwamba alipungua, tusijue kwa njia gani.

Miezi 12

Uzito ulianza kushuka ndani ya wiki mbili. Kwa mtoto ambaye hajawahi kupungua tangu azaliwe, hilo peke yake lilikuwa tukio. Mwaka ulipokwisha alikuwa amepungua kilo 16.4, na 15.6 kati ya hizo zilikuwa mafuta. Misuli iliguswa kidogo sana. Kwenye mlo wa majaribio alikula pungufu kwa asilimia 42. Matumizi ya nishati hayakupanda. Kwa hiyo hakupungua kwa sababu mwili ulianza kuchoma mafuta kwa kasi. Alipungua kwa sababu alikula kidogo, na alikula kidogo kwa sababu alishiba.

Kingamwili zilijitokeza kama ilivyohofiwa. Taarifa ya 2002, iliyofuatilia watoto watatu hadi miaka minne, ilieleza kwamba zilitokea kwa wote, na kuna vipindi zilizuia dawa mpaka dozi ikaongezwa. Kuhusu balehe, homoni za uzazi za binti zilianza kutoka kwa mapigo ya usiku, dalili ya mwanzo wa balehe, kwa umri usio wa ajabu. Kwa watoto wadogo zaidi leptini haikuharakisha kitu. Inafungua mlango muda ukifika. Haimsukumi mtu kuupita.

Ubongoni kulikuwa na nini?

Hapa ndipo kiini cha somo, na ndipo wanafunzi wengi huteleza. Huandika kwenye mtihani kwamba "leptini huzuia njaa", kana kwamba homoni ina mkono. Leptini si nyurotransmita, kemikali ambayo nyuroni husemezana kwayo. Haitolewi na nyuroni moja kwenda kwa jirani yake kwa kupenya mwanya wa sinapsi, mahali nyuroni mbili zinapokutana, na kutoweka papo hapo, kama inavyofanya GABA, inayonyamazisha, au glutamati, inayoamsha. Hutoka mbali, tumboni na mapajani, husafiri kwa damu, huingia ubongoni kwa kuvushwa, kisha hubadilisha urahisi wa nyuroni kuwaka na kiasi cha nyurotransmita inachotoa. Maneno yanaendelea kusemwa na GABA, glutamati na dopamini. Leptini hupandisha au kushusha sauti.

Sehemu ya kwanza kuangalia ni sakafu ya haipothalamasi, eneo la chini ya ubongo linaloongoza njaa, kwenye kundi dogo la seli liitwalo arkuati. Kuna nyuroni za aina mbili zinazovutana. Za kwanza hutoa peptidi mbili, AgRP na NPY, pamoja na GABA. Hizi ni za njaa. Mwaka 2011 watafiti waliziwasha kwa mwanga katika panya walioshiba, na panya wakaanza kula kwa pupa ndani ya dakika chache. Za pili hutengeneza protini iitwayo POMC, ambayo hukatwa na kutoa peptidi nyingine, alfa-MSH, inayogusa kipokezi cha MC4R na kuleta shibe. AgRP hukizuia kipokezi hichohicho. Juu ya hayo, nyuroni za njaa zimeelekeza nyuzi zao kwa zile za shibe na kuzimwagia GABA, kemikali ya kunyamazisha.

Leptini ikifika hufanya kazi pande zote mbili. Huziamsha nyuroni za POMC, na hupunguza GABA inayotoka kwenye ncha za nyuroni za NPY zinazozikandamiza. Mwaka 2001 hilo lilionyeshwa kwa kurekodi umeme wa nyuroni moja moja za panya. Muongo mmoja baadaye likaja jaribio ambalo mimi huliona kuwa zuri kuliko yote katika habari hii. Watafiti waliondoa kipokezi cha leptini kwenye nyuroni zinazotoa GABA pekee, na panya wakanenepa vibaya sana. Walipokiondoa kwenye zile za glutamati, unene ulikuwa mdogo. Kazi kubwa ya leptini kuhusu uzito, basi, ni kuzituliza nyuroni za GABA ili nazo ziache kuwanyamazisha wengine.

Sasa mrudie binti. Katika ubongo wake upande wa njaa ulikuwa ukiwaka bila breki, na upande wa shibe ulikuwa umezibwa mdomo na GABA usiku na mchana. Ghala limejaa hadi mlangoni, lakini taarifa inayofika juu ni ile ya mwaka wa ukame. Ubongo unaopokea taarifa ya ukame haukosei unapoamuru mtu atafute chakula.

Jambo jingine husaidia kueleza kwa nini njaa yake ilipungua kwa siku na wiki, si kwa miezi. Katika panya ob, idadi ya sinapsi kwenye nyuroni za njaa na za shibe huwa tofauti na ile ya panya wa kawaida: za njaa hupata misukumo mingi ya kuziamsha, za shibe hupata mingi ya kuzinyamazisha. Mwaka 2004 ilionekana kwamba sindano ya leptini huanza kupanga upya sinapsi hizo ndani ya saa 6, kabla uzito haujabadilika hata gramu. Waya zenyewe huhamishwa.

Lakini njaa haielezi yote. Watoto hawa hawakuwa wachaguzi. Walifurahia karibu chakula chochote. Hapo tunaingia kwenye dopamini, nyurotransmita ya mvuto na hamu. Baadhi ya nyuroni za dopamini katika ubongo wa kati zina kipokezi cha leptini, na leptini hupunguza kasi yake ya kuwaka. Mwaka 2007 timu ileile ya Cambridge iliwapiga picha za MRI wagonjwa wengine wawili wenye upungufu huu, kijana wa miaka 14 na binti wa 19, wakiwa wanatazama picha za vyakula. Kabla ya dawa, eneo liitwalo nukliasi akambensi, ambako nyuzi za dopamini huishia, liliwaka kulingana na walivyokipenda chakula, wawe wana njaa au wametoka kula. Baada ya siku 7 za leptini uhusiano huo ulibaki walipokuwa na njaa tu. Wakishiba, picha ya chakula iliwapa mvuto kidogo, kama inavyokuwa kwako baada ya sahani ya pili ya pilau.

Jaribio moja la panya hukamilisha hoja. Panya ob asiyeweza kutengeneza dopamini hali kupita kiasi. Kwa kweli asipopewa dawa ya kurudisha dopamini, hali hata cha kumuokoa. Kukosa leptini kunaleta ulafi kwa kupitia dopamini. Ukiondoa dopamini, upungufu wa leptini hauna njia ya kufikia mkono na mdomo.

Kilichofaulu na kilichokwama

Kilichofaulu kwanza ni kusikiliza. Maneno ya nyumbani kwamba mtoto hashibi yalichukuliwa kama dalili, sawa na homa au kikohozi. Daktari angeweza kuyaandika kama kisingizio, na madaktari wengi huandika hivyo. Pili ni kuangalia ukoo: binamu mwenye kilo 29 akiwa na miaka 2 alikuwa ushahidi kabla ya maabara. Tatu ni vile vipimo vya mlo na nishati, vilivyotenganisha tabia ya kula na uchomaji wa mafuta. Mgonjwa alikuwa mmoja, hakukuwa na kundi la kulinganisha, lakini mabadiliko yalikuwa makubwa na yalifuata dawa kwa karibu kiasi kwamba bahati haielezi.

Kilichokwama ni miaka ya kabla. Upasuaji wa miguu ulihitajika, silaumu mkono ulioufanya. Kunyonya mafuta ndiko kunakonisumbua. Mafuta yalikuwa kiwanda cha homoni mbovu, na kuondoa kilo chache kiwandani hakukugusa ubongo. Uzito uliendelea kupanda, kama ambavyo ungetabiriwa leo na mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Kingamwili nazo zilibaki tatizo la kudumu. Zilitarajiwa, zilikuja, zikadhibitiwa kwa kuongeza dozi. Huo ni ufumbuzi wa kuridhisha kiasi tu.

Kisha kuna kosa ambalo halikufanywa na timu hii bali na waliosoma habari zake magazetini: kudhani sindano hii ingewakondesha watu wote. Mwaka 1999, uleule ambao matokeo ya miezi 12 ya binti yalichapishwa, yalichapishwa pia matokeo ya leptini kwa watu wanene wa kawaida. Yalitofautiana mno mtu na mtu, na hata dozi za juu zilipunguza kilo chache. Watu hao leptini wanayo nyingi. Kuwaongezea ni kumpigia kelele mtu ambaye tatizo lake ni sikio. Akija mtu kliniki akiuliza sindano ya leptini kwa sababu ameona mtandaoni, hilo ndilo jibu.

Mahali kipimo kinapodanganya

Mtu akikisoma kisa hiki anaweza kuondoka na kanuni rahisi: pima leptini, ikiwa chini tibu, ikiwa juu acha. Mwaka 2015 kilichapishwa kisa kinachoivunja. Mtoto mdogo mnene kupindukia, mwenye njaa ileile, alipimwa leptini ikakutwa juu, sawasawa na mafuta aliyonayo. Jeni yake ilikuwa na kasoro iliyobadilisha asidi amino moja. Homoni ilitengenezwa, ikatoka, ikapimika, ila haikuweza kukishika kipokezi. Maabara iliona leptini. Ubongo haukuona kitu. Alipopewa leptini iliyo sahihi, alipungua.

Kwa hiyo mbele ya mtoto aliyenenepa sana tangu mwaka wa kwanza, asiyeshiba, anayeugua maambukizi mara kwa mara, mwenye ndugu wa aina yake au wazazi wenye undugu, namba ya leptini iliyo juu haifungi faili. Jeni isomwe, na itafutwe njia ya kupeleka sampuli pale ambapo husomwa.

Wapo pia ambao kasoro yao iko kwenye kipokezi, kama panya db. Kwao sindano aliyochomwa binti huyu haina kazi, haidhuru iwe ya dozi gani. Lakini ukikumbuka mpangilio wa arkuati utaona mahali pa kupitia: chini ya kipokezi cha leptini kuna POMC, chini yake alfa-MSH, na mwisho kipokezi cha MC4R ambacho kwa wagonjwa hao ni kizima. Setimelanotaidi, peptidi iliyoundwa kuiga alfa-MSH, hukigusa moja kwa moja. Marekani iliiidhinisha Novemba 2020 kwa wenye kasoro za POMC, za kimeng'enya kinachoikata, na za kipokezi cha leptini.